Billy Meredith: Winga aliyemwaga mboga City, akakimbilia United

Ikifika dabi ya Manchester, vibanda umiza hujaa mapema. Wekundu hukaa upande huu, bluu upande ule, na kila kundi linaapa kwamba historia ya jiji lile ni mali yake. Lakini kombe kubwa la kwanza la City na ubingwa wa kwanza wa United vilipita kwenye miguu ileile: miguu yenye matege ya winga mwembamba kutoka Wales, aliyecheza akiwa na kijiti cha meno mdomoni. Jina lake Billy Meredith.

Namna alivyotoka upande mmoja kwenda mwingine ndiyo inayofanya habari yake isichuje. Mchezaji wa leo akigombana na kocha anahama, kisha anafungua mdomo: alikuwa ananibania, hanipangi, alinidanganya wakati wa usajili. Mashabiki wanabishana wiki moja, maisha yanaendelea. Meredith alifanya hivyo mwaka 1906, wakati mchezaji hana wakala wala mwanasheria, na klabu inaweza kumzuia asiende popote hata mkataba ukiisha. Alimtaja kocha wake, akaanika vitabu vya klabu yake, na alipomaliza kusema, timu iliyokuwa miongoni mwa tishio la ubingwa Uingereza ilibaki jina na uwanja tu.

Alizaliwa Julai 30, 1874, katika kitongoji cha Black Park, karibu na mji mdogo wa Chirk, Wales ya kaskazini, mpakani kabisa na England. Huko kazi ilikuwa moja, mgodi wa makaa ya mawe. Billy aliingia mgodini akiwa na miaka 12, akaanza kwa kuswaga farasi wadogo waliokuwa wakivuta mabehewa ya makaa chini ya ardhi. Chirk ilikuwa na bahati ya mwalimu wa shule mpenda soka, Thomas Thomas, ambaye aliwanoa vijana wengi waliokuja kuichezea Wales. Meredith ndiye alikuwa tunda bora la shamba lile. Aliichezea timu ya Chirk iliyotwaa Kombe la Wales mwaka 1894, na katika kipindi hicho alikuwa akikipiga pia na Northwich Victoria ya England.

Oktoba 1894 Manchester City wakamfuata. Nyumbani hawakufurahi. Mama yake hakuona sababu ya kijana mwenye kazi ya kueleweka kwenda kuishi kwa kupiga mpira, tena mbali na familia. Wakaafikiana kwa namna fulani: Billy acheze, lakini mgodi asiuache. Kwa hiyo mechi yake ya kwanza, Oktoba 27, 1894 ugenini kwa Newcastle, alisafiri usiku kwa treni, akacheza, timu ikalala 5-4, akageuza kurudi Chirk kuendelea na makaa yake. Wiki iliyofuata akacheza nyumbani kwa mara ya kwanza. Wapinzani walikuwa jirani zao, Newton Heath, klabu ambayo mwaka 1902 ilibadili jina na kuwa Manchester United. City walichapwa 5-2, na mabao yote mawili ya City aliyafunga yule kijana wa mgodini.

Januari 1895 akawa mchezaji wa kulipwa. Kilichofuata kwa miaka kumi, mashabiki wa Hyde Road, uwanja wa City wa enzi hizo, walikisimulia mpaka uzeeni. Meredith alikuwa winga wa kulia wa asili kabisa, anaganda kwenye chaki. Anaupokea, anamsubiri beki amsogelee, anampita kwa chenga, anakimbia hadi karibu na kibendera cha kona kisha anashusha krosi. Mabeki walijua atafanya nini, na bado aliwapita. Kijiti cha meno hakikutoka mdomoni. Kilikuja kuchukua nafasi ya tumbaku aliyokuwa akitafuna kama wachimba migodi wenzake. Wachora katuni wa magazeti walikipenda, kwa sababu ukichora mtu mwembamba, ukamwekea kijiti, msomaji hahitaji kuambiwa ni nani. Walimwita Mchawi wa Wales.

Kisha akaja Tom Maley.

Maley alikuwa Mskochi, mchezaji wa zamani wa Celtic na kaka wa Willie Maley aliyekuwa akiinoa klabu hiyohiyo ya Glasgow. Alipewa City mwaka 1902 kama katibu-meneja, cheo cha wakati ule kilichobeba kazi ya kocha na karani kwa pamoja. Timu ilikuwa imeshuka daraja. Msimu mmoja tu akairudisha Ligi Kuu, iliyokuwa ikiitwa Daraja la Kwanza. Msimu uliofuata, 1903-04, City walimaliza wa pili kwenye ligi na wakaenda fainali ya Kombe la FA kukutana na Bolton Wanderers. Aprili 23, 1904, kwenye uwanja wa Crystal Palace, London, bao lilikuwa moja. Mfungaji alikuwa nahodha, Billy Meredith. Hilo ndilo kombe kubwa la kwanza katika historia ya Manchester City, na wakati huo United walikuwa hawana hata moja.

Kocha na nahodha walikuwa chanda na pete. Maley alipenda soka la pasi, la Kiskochi, na Meredith alikuwa ndiye mpishi wake. Wachezaji walifurahi na klabu ilifurahi. Tatizo ni kwamba furaha ile ilikuwa na gharama, na gharama hiyo haikuandikwa kwenye vitabu vinavyoonekana.

MSHAHARA WA PAUNI NNE

Tangu mwaka 1901 Chama cha Soka cha England, FA, kilikuwa kimeweka ukomo: hakuna mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki, na bonasi za ushindi marufuku. Uwe beki wa akiba au uwe Meredith anayejaza uwanja, kikomo ni kilekile. Na huwezi kuitishia klabu kwamba utaondoka, maana bila ruhusa yake hakuna timu nyingine inayoweza kukusajili. Klabu nyingi kubwa zilikuwa zikiizunguka sheria hiyo kimyakimya. City nao walizunguka. Meredith alikuwa akivuta pauni 6, wengine nao walipewa chao juu ya kile kilichotangazwa, na pesa za ushindi zilitoka kama kawaida. FA walikuwa wameanza kuinusa City tangu mwaka 1904, lakini ushahidi wa maana haukupatikana. Ulihitajika mtu wa ndani aseme.

Mambo yaliharibika Aprili 29, 1905. Ilikuwa siku ya mwisho ya ligi, City wakiwa bado na nafasi ya ubingwa, wanacheza ugenini kwa Aston Villa. Mechi ilikuwa ya vita. Straika wa City, Sandy Turnbull, alikunjana na nahodha wa Villa, Alex Leake, hadi ngumi zikahusika, na ilidaiwa baada ya mechi Turnbull alivutwa kwenye chumba cha Villa akapewa kipigo. City walifungwa 3-2. Ubingwa ukaenda Newcastle.

FA walianza uchunguzi wa zile ngumi, na wakiwa wanahoji watu likaibuka jambo zito kuliko ngumi. Leake alidai Meredith alimwahidi pauni 10 ili Villa walegeze. Agosti 1905 rungu likashuka: nahodha wa City kafungiwa msimu mzima. Meredith alikana. Aliapa hana hatia na akalalamika kwamba kaonewa kwa sababu ni mtu wa Wales mbele ya waamuzi wa England.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kumtazama vizuri jamaa huyu, bila mapenzi. Miezi ile ya mwanzo hakusema neno dhidi ya Maley. Hakusema kwamba rushwa lilikuwa wazo la mtu mwingine. Alitulia, akitegemea kwamba klabu aliyoipa miaka 11 itamtunza chinichini mpaka adhabu iishe, kama ambavyo ilikuwa ikimlipa chinichini siku zote. Mshahara wa Meredith ndio uliokuwa ukilisha nyumba; alikuwa ameoa, ana familia.

City walimtosa. Walikuwa wanachunguzwa, hivyo kumlipa mtu aliyefungiwa ilikuwa kama kujitia kitanzi. Meredith akaanza kwenda klabuni kudai chake. Alienda mara moja, akaenda tena. Viongozi, badala ya kumaliza jambo ofisini, wakamripoti FA kwamba mchezaji aliyefungiwa anakuja uwanjani kuomba pesa. Kwa mtu aliyebeba siri za klabu nzima kichwani, hilo lilikuwa kosa la kitoto. Wao walimwaga ugali, naye akamwaga mboga.

Meredith alisema kila kitu. Alisema ni kweli alimwahidi Leake zile pauni 10, na kwamba hakulitoa wazo hilo kichwani mwake: Maley alilijua na alilibariki, na wachezaji wenzake walifahamu. Alisema ukomo wa pauni 4 pale City ulikuwa hadithi ya kuwasomea wakaguzi. Alieleza kwamba mafanikio ya timu ile yalijengwa kwa kuivunja sheria, na kwamba kocha ndiye aliyekuwa fundi wa mpango huo. Kuhusu rushwa, ilibaki neno lake dhidi ya la wengine, na hadi leo hakuna anayeweza kuapa. Kuhusu mishahara hakukuwa na mjadala. FA walifungua vitabu, wakakuta alichokisema.

TIMU NZIMA CHINI

Hukumu ya mwaka 1906 haijawahi kupata mfano katika soka la England. Wachezaji 17 wa City, wa wakati huo na waliokwisha kuondoka, walifungiwa hadi Januari 1, 1907, na kupigwa faini ya jumla ya pauni 900. Meredith mwenyewe alipigwa pauni 100. Klabu ilitozwa pauni 250. Mwenyekiti Forrest na kocha Maley wakafungiwa maisha. Utetezi wa Maley kwamba alifanya kile kinachofanywa na klabu karibu zote England haukumsaidia, ingawa ulikuwa na ukweli mwingi ndani yake.

Na zaidi ya kufungiwa, wachezaji wale walikatazwa kuvaa tena jezi ya City. Ilibidi wauzwe wote.

Septemba 1, 1906 City walianza msimu nyumbani dhidi ya Woolwich Arsenal na kikosi cha kuokoteza. Jua lilikuwa kali isivyo kawaida kwa nchi ile, na wachezaji wakaanza kuanguka mmoja mmoja kwa joto. Walimaliza mechi wakiwa sita uwanjani, wamefungwa 4-1. Siku mbili baadaye wakaenda kwa Everton wakala 9-1. Mashabiki wa Hyde Road, waliokuwa na kombe la FA mikononi miaka miwili tu nyuma, walikuwa na haki ya kuuliza mdomo wa Billy umewafaidisha nini. Wachezaji wenzake pia. Wengi wao walipokea zile pesa za ziada kama yeye, lakini hawakumwahidi mtu wa Villa chochote, na sasa walikuwa wamepoteza nusu msimu wa maisha yao mafupi ya soka kwa sababu nahodha amekosana na ofisi.

Ajabu ni kwamba baadhi yao walimfuata. Ernest Mangnall, kocha wa Manchester United, alikuwa mjanja kuliko wenzake wote sokoni. Alishamalizana na Meredith mapema kwa pauni 500. City walipopanga kuwauza wengine kwa mtindo wa mnada katika hoteli ya Queen's jijini Manchester, klabu kibao zilituma watu na pesa, lakini ilielezwa kwamba Mangnall alikuwa ameshaongea pembeni na aliowataka. Akaondoka na Sandy Turnbull, beki Herbert Burgess na Jimmy Bannister. Nyama nono yote ya City ikahamia kwa majirani.

Januari 1, 1907, siku ileile kifungo kilipoisha, wanne hao walicheza pamoja kwa mara ya kwanza wakiwa na jezi nyekundu, uwanja wa Bank Street, mbele ya watu wapatao 40,000. Ratiba ilikuwa imepanga wapinzani kwa namna ambayo mtunzi wa hadithi angeona haya kuitumia: Aston Villa. Meredith alishusha krosi, Turnbull akamalizia, United wakashinda 1-0.

Msimu uliofuata, 1907-08, United walitwaa ubingwa wa England kwa mara ya kwanza, wakiwaacha walio nyuma yao kwa pointi tisa, enzi za ushindi kuhesabiwa pointi mbili. Turnbull alifunga mabao 25 ya ligi na Meredith 10. Mwaka 1909 wakabeba Kombe la FA kwa kuifunga Bristol City 1-0, bao la Turnbull tena. Mwaka 1911 ubingwa wa pili. Klabu yenye makombe mengi kama United ilianza kuyahesabu kwa miguu iliyonunuliwa kutoka kwenye ajali ya jirani.

Ingekuwa rahisi Meredith aishie hapo, na asiyempenda angekuwa na maneno ya kutosha. Alinyamaza alipolipwa, akasema aliponyimwa. Alimtaja kocha baada ya kujua hatarudi kwake. Ndivyo ilivyo kwa wachezaji wengi wanaomponda kocha mlangoni wakati wanatoka, ukweli unakuja na risiti ya madai. Lakini ukweli wa mtu mwenye hasira unabaki kuwa ukweli, na kilichomtofautisha Meredith ni kwamba hasira ile haikuisha alipopata timu mpya yenye makombe. Mtu mwingine angenyamaza.

Aprili 1907 mchezaji mwenzake wa United, Thomas Blackstock, alianguka akicheza mechi ya timu ya akiba, akafa. Ikaamuliwa kwamba ni kifo cha kawaida, na familia yake haikupata fidia. Desemba 2 ya mwaka huo wachezaji walikutana katika hoteli ya Imperial, Manchester, kuanzisha chama chao. Aliyekalia kiti cha mwenyekiti wa kikao ni Meredith, akiwa na nahodha wa United, Charlie Roberts, kama mtu wake wa karibu. Walitaka mambo ambayo leo mchezaji wa kawaida anayaona ya kuzaliwa nayo: ukomo wa mshahara uondoke, mchezaji awe huru kuhama, na anayeumia au kufa kazini familia yake ipate kitu.

FA walivumilia kwa muda, kisha mwaka 1909 wakaamuru kila mchezaji ajitoe kwenye chama kile la sivyo afungiwe. Timu baada ya timu zikasalimu amri. Wachezaji wa United walikataa. Mabingwa wa Kombe la FA wakajikuta wamefungiwa, hawana mshahara, wanafanya mazoezi wenyewe. Wakapiga picha na kibao walichojiandikia jina la timu ya waliotupwa. Tim Coleman wa Everton alikuwa miongoni mwa wachache wa nje waliosimama nao. Kwa Meredith hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mwaka huo duka lake la vifaa vya michezo liliteketea kwa moto na akafilisika. Hakujitoa. Siku chache tu kabla ya ligi kuanza FA walilegeza, wakakitambua chama.

Hawakupata yote. Ukomo wa mshahara ulibaki hadi mwaka 1961, na uhuru wa kuhama ulianza kupatikana mahakamani mwaka 1963. Meredith alishindana na mfumo ambao hakuishi kuuona ukianguka.

KURUDI NYUMBANI

Mwaka 1915 jina la rushwa lilimpitia tena karibu. United waliifunga Liverpool 2-0 katika mechi ambayo wachezaji wa pande zote mbili walikuwa wamepanga matokeo ili wale pesa za kamari. Turnbull alikuwa miongoni mwa waliofungiwa maisha. Meredith alicheza siku ile lakini hakuhusishwa. Alieleza kwamba alianza kushtuka alipoona wenzake hawampi mpira. Ukiona timu ina Meredith upande wa kulia na haimtumii, basi kweli haitaki kufunga. Turnbull alikwenda vitani, akauawa Ufaransa mwaka 1917.

Vita ilipoisha Meredith alikuwa na miaka 44 na bado alikuwa anataka namba. Timu ya taifa ya Wales nayo bado ilikuwa inamhitaji. Alikuwa ameitwa mara nyingi kuliko alizocheza, maana klabu za England zilizoea kumnyima ruhusa. Hata hivyo alifikisha mechi 48 na mabao 11. Ya mwisho ilikuwa Machi 15, 1920 uwanja wa Highbury, London, Wales ikaifunga England 2-1. Alikuwa na miaka 45, na katika miaka yote 25 ya kuivaa jezi ile hakuwahi kuwafunga England. Ilielezwa kwamba alilia chumbani.

Na United? Aliondoka kwa kugombana, kama kawaida yake. Malipo ya mechi yake ya manufaa ya mwaka 1912 yalicheleweshwa miaka mingi, mshahara ulikuwa kidonda, na alitaka aachiwe bure. Alisema wazi kwamba klabu ile haikumtendea haki. Safari hii hakuna aliyefungiwa. Mwaka 1921, akikaribia miaka 47, akavuka tena barabara na kurudi City. Aliyempokea ni Ernest Mangnall, yuleyule aliyemnyakua mwaka 1906, ambaye naye alikuwa amehamia City tangu 1912. Mashabiki waliobaki wa Hyde Road hawakumzomea. Walikuwa wameshamsamehe, au walikuwa wamesahau zile tisa za Everton.

Tom Maley naye alikuwa amesamehewa. FA ilimwondolea kifungo cha maisha mwaka 1910, akaenda kuinoa Bradford Park Avenue na kuipandisha Daraja la Kwanza. Yeye na Meredith hawakufanya kazi pamoja tena.

Machi 29, 1924, City walicheza nusu fainali ya Kombe la FA mjini Birmingham. Winga wa kulia alikuwa na miaka 49. Katika timu ile alikuwemo Charlie Pringle, aliyekuja kuwa mkwe wake. Walifungwa 2-0, na waliowafunga ni Newcastle, walewale aliocheza nao mechi yake ya kwanza miaka 30 kabla, alipotoka mgodini kwa treni ya usiku. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. City ilimpa karibu mechi 400 na mabao yanayokaribia 150. United mechi 335 na mabao 36.

Baada ya hapo aliendesha baa Manchester, akaonekana kwenye filamu moja ya soka mwaka 1926, akaandika magazetini, na akaendelea kulalamika. Aliona wachezaji wapya hawajui kumiliki mpira, na wenye klabu bado wanakula jasho la wengine. La kwanza wazee wote husema. La pili alikuwa na vielelezo.

Alifariki Aprili 19, 1958, akiwa na miaka 83. Manchester ilikuwa bado kwenye msiba mwingine. Ajali ya ndege ya Munich iliyoua wachezaji wanane wa United ilikuwa na wiki kumi tu. Mzee wa zama zilizopita alizikwa makaburi ya Southern kusini mwa jiji bila makelele, na kaburi lake likakaa bila jiwe lenye jina kwa zaidi ya miaka 40. Jiwe liliwekwa mwaka 2001. Waliochanga ni chama cha wachezaji, chama cha soka cha Wales, Manchester United na Manchester City.